Mstari Uguse Chini: Anicette Dijoux Anaondoka Bellecombe

Anicette Dijoux anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na tisa na miezi minne katika kikosi cha volkano. Zamu yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 27, kwenye maegesho ya Bellecombe, langoni mwa volkano, baridi ikiwa nyuzi tatu tu wakati wa kufungua lango. Ameondoka na afya njema, magoti mawili yanayolalamika, na bila nishani ya utumishi mrefu.

Kuhusu nishani, tuliombwa tuandike katika jarida hili la kikosi kwamba haikutolewa "kwa sababu za kiutaratibu". Hatuandiki hivyo. Nishani ilikuwa tayari, na jina lake lilikuwa limechorwa nyuma. Alitakiwa kutia saini karatasi moja tu ili aipokee, naye akakataa. Karatasi hiyo ilisema nini, na kwa nini hakuisaini, ndiyo sehemu kubwa ya wasifu huu. Wanaotafuta picha za keki wafungue ukurasa wa nne.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa kwanza katika kikosi chetu, na kazi yake ilikuwa kubeba rangi. Kila asubuhi alishuka na ndoo mbili za rangi nyeupe, kilo kumi na tano kwa jumla, ngazi zaidi ya mia tano kutoka langoni hadi chini ya Zizi. Zizi ndilo jina tunaloliita lile bonde jeusi la lava lililozungushiwa ukuta wa miamba, mlima ukiwa katikati yake. Msimamizi wa wakati ule, marehemu Expédit Ferrard, alimpokea kwa maneno ambayo bado yanasimuliwa kikosini: "Binti, ukichoka kaa chini, tutakupaka rangi nawe uwe alama." Anicette alimjibu kwamba akichoka atamtuma yeye amletee maji. Hawakusemezana kwa wiki mbili. Wiki ya tatu Ferrard alimkabidhi brashi.

Ndani ya Zizi hakuna mti wala nyasi, na jiwe halishiki nyayo. Njia ni madoa meupe tu juu ya jiwe jeusi, moja baada ya jingine, hadi kwenye ukingo wa kreta. Ferrard alikuwa mtu mrefu, na aliyapima kwa hatua zake. Siku ya kwanza ya ukungu Anicette alisimama juu ya doa moja na hakuona linalofuata. Akaanza kuyapima upya kwa namna yake. Alikaa chini juu ya kila doa, kwa sababu mtu aliyepotea huchoka na aliyechoka hukaa. Akishindwa kuona mbele kutoka pale alipokaa, aliongeza doa jingine katikati. Ferrard aliona rangi inakwisha kwa kasi akamuuliza, "Hii ni volkano au shamba la mahindi?" Kazi hiyo ilimchukua mwaka na miezi miwili. Mwaka uliotangulia tuliwatafuta watu kumi na tisa waliopotea njia. Mwaka uliofuata walikuwa wanne.

Bango lililo langoni pia ni lake. Linasema: ondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ukungu hupanda kuelekea saa sita, viatu vilivyofungwa, lita mbili za maji kwa kila mtu, koti, hata kama jua linawaka. Mstari wa mwisho ndio unaojulikana zaidi: "Ukungu ukificha alama inayofuata, kaa juu ya alama uliyo nayo." Ofisi ilikuwa imetundika "Wageni wanashauriwa kutathmini hali ya mwonekano kabla ya kuendelea". Bango hilo la ofisi lilidumu siku sita. Jumapili Anicette alikuja na ngazi yake mwenyewe na brashi, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani alimruhusu, labda kwa kuwa wote tulijua jibu lake.

Wageni walimwogopa kidogo, na baadaye walimtumia kadi. Mwanamume mmoja kutoka Paris alifika langoni na makubazi. "Baba, hivyo ni viatu vya kwendea bafuni," Anicette alimwambia. "Bafu liko kushoto, nyuma ya kibanda." Mwanamume yule aliandika malalamiko ya kurasa mbili. Mwaka uliofuata alirudi na buti mpya, akamwonyesha soli zake kama mtoto anayeonyesha meno yake kwa daktari. Anicette aliinama akazikagua zote mbili kabla ya kumfungulia.

Kwa wenye magari hakuwa mpole zaidi. Barabara ya kushuka kutoka volkanoni ina kona nyingi, na wakati wa baridi huwa na barafu hadi saa mbili asubuhi. Aliwaambia madereva washuke kwa gia ndogo. "Breki ikianza kunuka, simama. Usisubiri hadi iwake." Kila gari katika maegesho yake lilipaswa kuegeshwa pua ikielekea nyumbani. Sheria hiyo aliihamishia pwani kila lava iliposhuka hadi barabara kuu. Siku kama hizo nusu ya kisiwa huja na sufuria, viti na mabibi kutazama jiwe jekundu likivuka lami. Yeye alipita gari kwa gari akiwageuza. Dereva mmoja wa Saint-Philippe alilalamika kwamba lava ile inatembea polepole kuliko mama mkwe wake.

"Mama mkwe wako hafungi barabara pande zote mbili," Anicette alimjibu. Mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha mbele. Gari liligeuzwa.

Kisha kuna chaki. Ndiyo iliyompa jina la Mama Chaki, na ndiyo iliyomletea barua ya onyo.

Mtindo ulikuwa hivi. Gari likifika, alisalimia, akahesabu vichwa, akainama kwenye tairi la mbele la kushoto na kuchora mstari mmoja ulionyooka, kutoka ubavuni mwa tairi hadi kwenye lami. Pembeni aliandika saa na idadi ya watu. Gari likiondoka hata kwa dakika tano na kurudi, nusu mbili za mstari hazikutani tena. Jioni alizunguka maegesho, akaweka kiganja juu ya kila boneti iliyobaki na kutazama mstari. Boneti baridi na mstari mzima maana yake ni moja: kuna mtu bado yuko chini. Chaki aliipata katika shule ya Bourg-Murat, vipande vya rangi vilivyobaki darasani, ndiyo maana wageni wengi wa heshima wamerudi hotelini na mistari ya waridi kwenye matairi. "Mstari uguse chini," alituambia sote tulipoanza kazi. "Usipogusa chini ni mapambo."

Jumamosi moja ya Oktoba, miaka miwili iliyopita, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kituo cha mitetemo kiliripoti kwamba ardhi chini ya mlima inatikisika mfululizo. Amri ikatoka kwa mkuu wa mkoa: watu wote watolewe Zizini, lango lifungwe, barabara ifungwe. Kikosi kilishuka na filimbi kikaifuata njia yote hadi mwisho wake na kurudi. Ukungu ulikuwa umeshapanda. Kufikia saa saba na robo mchana watu mia mbili na kumi na wanane walikuwa wamepanda ngazi na kuondoka. Kilichobaki ni hati moja, ambayo mkuu wa zamu hutia saini kuthibitisha kwamba hakuna mtu ndani. Mkuu wa zamu alikuwa Anicette.

Katika maegesho lilibaki gari moja, pikapu ya bluu. Ilifika kabla ya zamu kuanza, na Anicette aliikuta hapo saa kumi na moja alfajiri. Aliichora mstari, lakini hakuwa amewaona watu wake, kwa hiyo mahali pa idadi palikuwa patupu. Boneti ilikuwa baridi. Mstari ulikuwa mzima.

Bwana Régis Lauret, mkuu wa kanda, alikuwa ofisini pwani akisubiri hati kwa redio. Mazungumzo yao yamo katika faili, na Wilfrid Mussard, msaidizi wa Anicette, alikuwa amesimama karibu naye akisikia yote.

"Anicette, saini tufunge barabara."

"Kuna gari."

"Kila wiki kuna gari. Watu wanaliacha hapo wanatembea ukingoni mwa nje, wanashukia Basse-Vallée, mjomba anawachukua. Hawako ndani ya Zizi. Kikosi kimepita njia yote."

"Kimepita njia yote iliyo kwenye karatasi yako."

"Basi unataka nini?"

Anicette alikuwa ameshaliangalia gari kwa nyuma. Kulikuwa na sufuria mbili, ya wali na ya soseji za mchuzi wa nyanya, zimezungushiwa blanketi na kufungwa kamba ili joto lisitoke. Juu yake palikuwa na kikapu chenye sahani tano.

"Hawa hawajashukia Basse-Vallée," alisema. "Mtu anayeshukia upande wa pili haachi wali wake huku juu. Hawa wamefunga sufuria kwa blanketi. Walikusudia kula hapa saa sita. Sasa ni saa saba na nusu na hawajala."

"Unataka nimwambie mkuu wa mkoa kwamba amri yake imesimamishwa na sufuria?"

"Mwambie sufuria ya watu watano."

Bwana Lauret alimwamuru asaini. Hakusaini. Alimwamuru asishuke. Anicette alimpa Wilfrid redio, akachukua filimbi na kamba, akamwambia abaki langoni na apige filimbi yake kila baada ya dakika mbili, ili kuwe na kitu cha kufuata wakati wa kurudi. Wilfrid anasema alimuuliza, "Na mkuu akiuliza uko wapi?" Akajibiwa, "Mwambie niko kazini." Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tatu.

Alijua pa kwenda, na hili nalo limo katika faili. Miaka mitatu kabla ya hapo, tawi la zamani la njia, upande wa mashariki wa kilima chekundu kilicho ndani ya Zizi, lilifungwa. Mkandarasi alilipwa kuyafuta madoa meupe kwa rangi ya kijivu. Mvua na jua viliibambua ile ya kijivu, na nyeupe ya chini, ambayo Anicette aliipaka mwenyewe tabaka tatu, ikatokea tena. Aliandika barua kuhusu jambo hilo mara tatu. Nakala zote tatu zina muhuri wa kupokelewa. Hakuna iliyojibiwa.

Saa nane na dakika thelathini na tano aliwakuta, juu ya doa la arobaini na moja la tawi lile. Walikuwa Maximin Hoareau, fundi seremala wa Saint-Joseph, mkewe, shemeji yake, na mama mkwe, Bi Suzelle, mwenye miaka sabini na mmoja. Walikuwa wamekaa wamebanana chini ya mwavuli mmoja. Filimbi za kikosi walikuwa wamezisikia kwa mbali wakadhani ni za kuongoza kundi la wageni. Hawakuthubutu kusogea. Ukungu ulikuwa umeificha alama iliyofuata, na bango langoni lilisema wakae.

"Umechelewa," Bi Suzelle alimwambia. "Tumekaa kama ulivyoandika. Sikujua ulimaanisha mpaka uzee."

"Wa tano yuko wapi?" Anicette aliuliza.

Walitazamana. Maximin akasema wako wanne. Anicette akasema sahani ni tano. Maximin akaapa kwamba ni wanne. Anicette hakumwamini, maana amewahi kuona watu wakimficha ndugu aliyetangulia kwenda kwenye kreta peke yake ili asipigwe faini. Akawaambia haondoki mtu hapo mpaka wa tano apatikane, akaanza kupiga filimbi kuuelekea mlima na kusikiliza, kupiga na kusikiliza. Chini ya miguu yao mawe madogo yalikuwa yakicheza. Hilo liliendelea kwa dakika kumi na moja, hadi Bi Suzelle alipoelewa kinachotafutwa.

"Binti yangu," alisema, "wewe umezaliwa kisiwa hiki au umeletwa na meli? Sahani ya tano ni ya atakayepita. Nani anakwenda mlimani na sahani zilizohesabiwa?"

Anicette anakiri kwamba kwao pia hufanya hivyo. Mama yake hajawahi kufunga kikapu bila sahani ya ziada. Siku ile tu hakulikumbuka. Aliwafunga kamba kiunoni, yeye mbele, akamweka Bi Suzelle nyuma yake, wakarudi doa kwa doa, na kuanzia kwenye kilima chekundu wakaifuata filimbi ya Wilfrid. Bi Suzelle alipanda ngazi zaidi ya mia tano akizilaani kila moja kwa jina tofauti. Saa kumi kasoro dakika ishirini wote walikuwa nje ya lango.

Hapo ndipo Anicette aliposaini. Saini iko kwenye hati, imeandikwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Katika zile dakika nane kuna jambo ambalo faili halina: Bi Suzelle alifungua blanketi, akapakua sahani ya tano, akamshikisha mkononi. "Umepita," alisema. "Kula."

Saa kumi na dakika hamsini na mbili ardhi ilipasuka ndani ya Zizi, upande wa mashariki. Wiki iliyofuata tulipima. Kutoka doa la arobaini na moja hadi kwenye ufa ni mita mia nne na kumi. Madoa kumi na mawili ya tawi la zamani yako chini ya lava mpya, na kwa hiyo hatimaye yamefutwa inavyotakiwa.

Mwezi wa Novemba Anicette alipokea barua ya onyo yenye makosa matatu. La kwanza, kukataa kutia saini hati alipoamriwa. La pili, kuingia katika eneo lililofungwa kwa amri. La tatu, kuchelewesha uokoaji kwa dakika kumi na moja bila sababu ya kitaalamu. Aliitwa mbele ya kamati ya watu watano katika ofisi ya pwani. Alivaa sare ya mlimani, maana, kama alivyosema, hana nyingine. Wilfrid alikwenda naye kama shahidi, na ameandika yaliyosemwa.

Kamati ilimuuliza aliwezaje kujua kwamba kuna watu ndani. Akaeleza mstari, boneti, blanketi na sahani. Mjumbe mmoja akasema sufuria si kifaa cha ukaguzi. Anicette akamgeukia Bwana Lauret, ambaye ni mzaliwa wa Cilaos, kijiji cha milimani.

"Bwana Lauret, mama yako akifunga sufuria kwa blanketi na kuiacha garini, anakwenda wapi?"

Wilfrid ameandika jibu la Bwana Lauret.

"Anarudi," alisema.

Maneno hayo hayamo katika muhtasari wa kamati. Muhtasari unasema "mtumishi alitoa maelezo ya kimila". Onyo lilibaki.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, nishani yake ilipokaribia, ofisi ilimpelekea karatasi. Angekiri makosa yote matatu kwa saini yake, barua ingeondolewa katika faili, na nishani ingetolewa siku ya kuagwa. Watu wengi walimshauri asaini. Baadhi yetu tulikuwa miongoni mwao. Tulimwambia ni wino tu, na baada ya Juni hakuna atakayeisoma.

Aliirudisha ikiwa na alama moja ya kalamu. Alizungushia duara kosa la tatu na kuandika pembeni: "Hili ni kweli. Nilipoteza dakika kumi na moja kwa sahani niliyopaswa kuijua. Andikeni hili peke yake, nitasaini. La kwanza na la pili yalikuwa kazi yangu." Ofisi ilijibu kwamba karatasi husainiwa yote au haisainiwi. Jibu lake lilikuwa na neno moja, na lilikuwa "Haisainiwi".

Tulimuuliza baadaye kama haimuumi. Alisema nishani ni ya kumwonyesha mtu kwamba ulikuwepo, na yeye ana doa moja jeupe kila hatua nane kuanzia chini ya ngazi mpaka kreta. Kisha akatuuliza kama hatuna kazi ya kufanya.

Lililomuuma lilikuwa jingine. Kuanzia tarehe 1 Julai mashine itafungwa barabarani kuhesabu magari yanayopanda na yanayoshuka, na waraka unasema "utaratibu wa alama za chaki unasitishwa, kwa kuwa hauna msingi wa kiufundi". Anicette alikwenda kuikagua mashine hiyo ilipojaribiwa mwezi wa Mei. Alisimama kando yake nusu siku nzima. Inahesabu vizuri, aliripoti, tena haikosei. Itakuambia kwamba kuna gari moja limebaki juu. Haitakuambia limebeba watu wangapi, limefika saa ngapi, wala kama mwenyewe anakusudia kurudi kula. Aliyaandika hayo kwa barua. Nakala yake ina muhuri wa kupokelewa.

Ijumaa tarehe 27 alifika saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akaegesha gari lake dogo jeupe pua ikielekea nyumbani. Siku ile yalifika magari hamsini na manane. Aliyachora yote. Saa nane mchana tulikusanyika mbele ya kibanda kwa keki na hotuba, na Bwana Lauret alipanda kutoka pwani, jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema maneno machache kuhusu utumishi. Hakutaja nishani, naye Anicette hakumwangusha kwa kuitaja. Familia ya Hoareau ilileta sufuria mbili ndani ya blanketi. Bi Suzelle, sasa ana miaka sabini na mitatu, alikagua keki yetu akasema watu wa ofisini hawajui kupika.

Jioni Anicette alizunguka maegesho kwa mara ya mwisho. Yalibaki magari yetu tu, na la Bwana Lauret, na pikapu ya bluu. Aliweka kiganja kwenye kila boneti. Alipofika kwenye lake alisimama. Kwenye tairi la mbele la kushoto kulikuwa na mstari wa chaki ya waridi. Pembeni yake palikuwa na saa, kumi na moja alfajiri, na idadi ya watu: mmoja.

Aliuliza nani. Watu tisa wa kikosi walisema si wao. Tunaripoti tulichokiona: mkono wa kulia wa koti la Bwana Lauret ulikuwa na vumbi la waridi.

Anicette aliinama, na magoti yake yakasikika. Alitazama mstari kwa karibu.

"Haujagusa chini," alisema. "Huu ni mapambo. Nani alikufundisheni hivi?"

Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaurefusha mstari kutoka kwenye tairi hadi kwenye lami, kama sentimita ishirini, umenyooka. Akasimama, akafuta mkono kwenye suruali, akampa Wilfrid kile kipande. "Kesho saa kumi na moja," alimwambia. "Na usiwe unahesabu sahani bila kuuliza." Kisha akaingia garini na kuondoka kwa gia ndogo. Nusu ya mstari ilikwenda naye. Nusu nyingine iko pale kwenye lami ya Bellecombe, nafasi ya kwanza kushoto ukitoka kibandani, na hadi tunapoandika hakuna aliyeegesha juu yake.

Karatasi ya siku inaonyesha magari hamsini na manane yameingia, hamsini na manane yametoka. Watu waliobaki ndani ya Zizi: hakuna. Imetiwa saini.

Jumanne tarehe 1 Julai mashine itaanza kuhesabu. Nasi tutahesabu. Shule ya Bourg-Murat imeshatuletea boksi la vipande, na mwenye kutaka kutuandikia barua kuhusu hilo anajua anwani.

Mama Anicette, asante kwa kila doa. Tunakutakia siku ndefu zenye jua, magoti yatulie, wali wako uukute ungali moto, na kikapuni usikose sahani ya ziada. Siku moja tutapita.